Nyumba Ndani ya Tairi

Nyinyi vijana mnaoendesha magari ya ofisi yetu ya mifugo, siku ile ya soda na keki ya kuniaga mliniomba niseme maneno machache kuhusu kazi. Nikasimama, nikasema "asanteni," nikakaa. Wengine walidhani nimezidiwa na huzuni. Hapana, nilikuwa nimekabwa na keki. Basi haya ndiyo niliyotaka kusema, ingawa sina hakika kama yatamfaa mtu. Shule yangu iliishia darasa la saba, tena hilo la saba sikulimaliza vizuri. Mkikuta herufi imekaa mahali si pake, isogezeni wenyewe, sitakasirika.

Habari za vyeo sitaziandika kwa sababu sikuvipata. Dereva huanza dereva na humaliza dereva. Kinachobadilika ni mgongo.

Nilifika Garissa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitoka kwetu Hola, na viatu vya kuazima. Nikakabidhiwa kwa Mzee Jillo. Alikuwa mtu mfupi mwenye ndevu za hina, na bila mto chini yake hakuweza kuona mbele ya usukani. Ukikutana naye njiani ungeapa kwamba gari linajiendesha. Siku ya kwanza aliniamuru nizunguke uwanja wa ofisi kinyumenyume. Nikazunguka. Akasema, "Komora, unaendesha kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Vizuri. Huku ndivyo inavyotakiwa." Mpaka leo sijui kama alinisifu.

Kisha akafungua sanduku la vyombo akanionyesha kimoja kimoja. Jeki. Spana ya magurudumu. Leva mbili za kufungulia tairi, pampu ya mguu, viraka, solusheni ya kuvigandishia. Chini ya vyote, kwenye kitambaa safi kuliko kitambaa chochote kilichokuwa ofisini, majani ya chai na sukari.

"Hii ya nini, mzee?"

"Hii ndiyo jeki kubwa. Hiyo ndogo inainua gari. Hii inainua watu."

Halafu akaniambia jambo lingine: nikihitaji kitu cha mtu huku, nisianze kuomba, kwanza nijue mwenyewe ni nani. Nikasema ndiyo, mzee. Nilisema ndiyo kama mnavyosema nyinyi ninapowaambia mpime upepo kabla ya kutoka.

Gari nililopewa lilikuwa Landrova ya turubai. Tuliiita Bi Harusi, kwa sababu haikuondoka mahali bila kusukumwa na ukoo mzima. Juu ya turubai lile la kijani, ubavuni, paliandikwa MALI YA SERIKALI kwa rangi nyeupe na herufi kubwa, nadhani ili mwizi ajue anaiba vitu vibovu. Nisiwe mwongo lakini: turubai lenyewe lilikuwa zuri. Ndicho kitu pekee katika gari lile ambacho hakikuvuja.

Sasa nije kwenye safari mnayoniuliza kila mara mkikaa pale kwenye kibanda cha chai, ile ya kutoboka bila spea. Nimesikia Abdi, mmoja wenu, akiisimulia, na kwa maelezo yake mimi nilijaza tairi simba aliyekufa. Sikujaza simba. Nitaeleza ilivyokuwa, na pale ambapo sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki.

Msimu ule mbuzi walikuwa wanakohoa. Ugonjwa wa mapafu ulikuwa umeingia, na ukipita karibu na zizi alfajiri ungefikiri ni wazee wanatoka msikitini. Mbuzi akishikwa hachukui muda. Leo anakohoa, kesho amelala ubavu, na mwenye zizi anabaki na kamba. Ofisi ikaleta chanjo. Chanjo ile hukaa kwenye barafu. Barafu ikiyeyuka, kilichobaki ni maji ya kumchomea mbuzi bure.

Tulikuwa tumetangaza siku ya kuchanja kwenye kisima kimoja mbele ya Dadaab, tukachelewa, kwa sababu Bi Harusi alikataa kuamka. Wafugaji walikuwa bado wanangoja, ila mawingu yalishaanza kujikusanya upande wa kusini. Mnajua mvua ya kwanza ikigusa ardhi inavyokuwa. Watu wote hufuata majani, kila mmoja na njia yake, na hapo kawatafute na sindano yako. Kwa hiyo tulikuwa tunashindana na vitu viwili: barafu chini na mawingu juu.

Niliyekuwa naye ni Daktari Wekesa, daktari wa mifugo, kijana mrefu aliyetoka kwao magharibi, mgeni kabisa. Ofisini walisema ana maringo. Nataka nimtendee haki. Hakuwa na maringo, alikuwa na haya, na haya ya mtu mrefu sana ikionekana kutoka chini hufanana na maringo. Askari wetu wa kusindikiza tulimwacha Dadaab tumbo likimwendesha, na yeye pia nisimlaumu, kwa sababu maziwa yaliyomdhuru nami niliyanywa, ila mimi nilizoea.

Kabla ya kufika Dadaab tulipata pancha ya kwanza. Nikafunga spea, nikapeleka lililotoboka kwa fundi. Malori ya maji yalikuwa yametangulia, matairi yao yamepanga foleni mbele ya kibanda kama watu wa mgao. Fundi akasema letu litaguswa baada ya swala ya Ijumaa. Daktari akaangalia kisanduku cha barafu, akaangalia mawingu, akaniuliza, "Mzee Komora, tungoje au twende?"

Nilikuwa bado kijana wakati ule, lakini aliniita mzee kwa heshima. Nikasema, "Twende." Naye akasema, "Nami naona twende." Kwa hiyo mkisikia kwamba daktari alinilazimisha, au kwamba mimi nilimdanganya daktari, ni uongo pande zote mbili. Tulikubaliana kama watu wazima, tukaenda kupotea.

Kwenye mchanga nikapunguza upepo, kama mnavyojua, tairi lipanuke lisizame. Ubaya wake ni kwamba tairi lenye upepo mdogo huweza kuteleza juu ya rimu, likavuta tyubu na kung'oa mdomo wake. Likafanya hivyo hasa. Tyubu ikitoboka ubavuni unaweka kiraka. Huna kiraka, unaikusanya pale penye tundu unaifunga kwa mpira, unaendelea huku unarukaruka. Ila mdomo ukishang'oka, utapulizia wapi? Mpaka leo sijui kama niliupunguza upepo kupita kiasi au tyubu ilikuwa imezeeka. Nimelifikiria sana na sijapata jibu.

Dawa ya tairi lisilo na tyubu ni kulijaza. Vijana, shikeni hili: unajaza mpaka unadhani limejaa, halafu unajaza tena kiasi kile kile. Majani makavu ndiyo mazuri. Lakini ilikuwa mwisho wa kiangazi na majani yote yalikuwa ndani ya matumbo ya ng'ombe. Tukaanza na tulivyokuwa navyo. Kikoi changu kikaingia. Ovaroli ya daktari ikaingia, ndefu vile, nikafikiri itatosha peke yake. Sponji ya kiti changu ikaingia. Magunia yaliyokuwepo sikuyagusa, daktari alikuwa ameyalowesha na kukifunika kisanduku cha barafu, na alifanya vyema sana, bila magunia yale nisingekuwa na la kuandika. Tukaondoka. Hatukufika mbali, ovaroli ikachomoza ubavuni mwa tairi kama ulimi wa mbwa aliyechoka.

Daktari akakaa kwenye kivuli cha gari. "Mzee Komora," akasema, "ukiwa peke yako huwa unafanya nini?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Sijui. Huwa kinakuja."

Kikaja. Familia moja ilikuwa inahama, ngamia wamefungwa mkia kwa mdomo, juu yao nyumba nzima: vijiti vilivyopindwa vya kusimamishia, vyombo vya maziwa, na mikeka minene ya nyuzi ambayo Wasomali wanaiita herio. Safarini hukaa chini ya mzigo ili ngamia asichubuke, mkipiga kambi hufunika nyumba. Minene, migumu, myepesi. Niliiangalia nikaona matairi.

Mbele alitangulia mzee mmoja mwenye fimbo mabegani, na nyuma akaja mama na mbuzi, na mjukuu mdogo amefungwa juu ya ngamia katikati ya sufuria. Mzee akasimama.

"Asalaam aleikum. Gari imekufa?"

"Aleikum salaam, adeer. Imeumia mguu tu."

"Bole sana, derefa. Bole kabisa."

Adeer ni baba mdogo, ndivyo tunavyomwita mtu wa umri wake. Msimcheke kwa lile "bole." Kiswahili chake kilikuwa kinatembea, Kisomali changu kilikuwa kinatambaa.

Nikakumbuka jeki kubwa. Nikawasha moto, nikaweka chai na sukari nyingi, nikamkaribisha Mzee Abdille, maana hilo ndilo lilikuwa jina lake. Mkewe hakuja kukaa, alibaki na mbuzi upande wa pili wa ngamia. Tukapeana habari. Huku huwezi kuruka habari. Mvua ilionekana wapi, nani amezaa, nani amekufa, kisima kipi kina maji, bei ya sukari Dadaab. Daktari alikuwa anaangalia kisanduku kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Mwishowe nikaona njia imefunguka.

"Adeer, tuna shida ya tairi. Herio zipo?"

"Herio? Ziko nyingi."

"Tukipata kama mbili, tatu, tutafika."

"Inshallah," akasema Mzee Abdille, akanyoosha kikombe kiongezwe.

Nikamgeukia daktari. "Amekubali."

Daktari akaruka kama aliyefunguliwa kamba. Kwa urefu wake hakuhitaji hata kumlaza ngamia, alinyoosha mkono tu akaanza kufungua fundo. Ndipo tuliposikia sauti.

"Wewe mrefu! Nani amekuambia ngamia ni duka?"

Yule mama alikuwa amekuja na fimbo ya kuchungia. Daktari akarudisha mikono yake yote miwili, akaishika nyuma ya mgongo.

"Mzee ametukubalia, mama," akasema.

"Mzee gani?"

Daktari akaonyesha kwa kidevu.

"Huyu?" Akamwangalia mumewe kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Huyu ana nini hapa? Ana fimbo. Ana hiyo chai yenu. Hata kamba hiyo unayofungua si yake."

Mzee Abdille alikuwa anasoma ndani ya kikombe chake kwa makini sana.

"Adeer," nikasema, "si ulisema?"

"Nilisema nini? Uliniuliza herio ziko. Ziko. Zile pale. Halafu nikasema inshallah."

"Mbona hukusema ni za mama?"

Akanishangaa kweli. "Nani hajui?"

Mimi sikujua, na nilikuwa nimeishi huko miaka. Nyumba ile ya kuhamahama ni ya mke. Anaisuka, anaibeba, anaisimamisha, anaibomoa. Mume analala humo kama mgeni aliyezoeleka. Mzee Jillo aliniambia nijue mwenyewe ni nani, nami nikadhani kuuliza mwenye ndevu kunatosha. Na Mzee Abdille simlaumu. Angemkatalia vipi msafiri huku anakunywa sukari yake?

Nikaosha kikombe, nikabandika chai nyingine kuanzia mwanzo. Daktari akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee Komora, barafu." Nikamwambia, "Daktari, tumekunywa na mtu asiye na nyumba. Hatujaanza."

Nikampelekea mama yule kikombe kwa mikono miwili, nikamwita eddo, shangazi. Jina lake Hawa. Akanywa akiwa amesimama, kwa kumbukumbu yangu, au labda alichuchumaa. Habari zote tukazirudia. Mvua, vifo, kisima. Alipomaliza ndipo nikaomba, na safari hii nikaomba kama mtu anayeomba kubomoa nyumba ya mwenzake, maana ndicho nilichokuwa nafanya.

"Unajua hii inatengenezwa vipi?" akauliza, akipiga mkeka kwa kiganja.

"Sijui, eddo."

"Unakata ganda la mti. Unatafuna. Unatafuna mpaka inakuwa nyuzi, halafu unasuka." Akafungua mdomo akanionyesha. Meno yalikuwa yamebaki machache, na hayo yenyewe hayakutazamana. "Meno yangu iko humo ndani. Wewe unataka kuweka meno yangu ndani ya gurudumu."

Mngemjibu nini nyinyi?

"Na hii gari inaenda wapi?"

Daktari akajibu kwamba tunapeleka chanjo ya mbuzi kisimani. Hapo mama Hawa akaweka kikombe chini.

"Kumbe ni nyinyi! Tulingoja. Tumengoja mpaka mbuzi akalala. Tukasema serikali ni mwongo, tukahama. Sasa unanikuta njiani, mbuzi yangu inakohoa, unataka nyumba?"

Ilikuwa kweli. Daktari hakujitetea, na kwa hilo nilimheshimu. Akaenda kwenye mbuzi wake, akapiga magoti mchangani, akaweka sikio kwenye mbavu, mmoja baada ya mwingine. Tatizo ni kwamba kila ukifungua kisanduku cha barafu ubaridi unatoka, na tulikuwa tumeapa tusikifungue mpaka kisimani, ambako mazizi mengi yalikuwa yanangoja. Akarudi akaniuliza kwa macho. Mimi dereva, nikaangalia tairi.

"Tunachanja hapa," akasema mwenyewe. "Wale wagonjwa tayari sindano haitawasaidia, mama, siwezi kukudanganya. Wazima tutawakinga."

Tukawachanja chini ya kivuli cha turubai, mimi nashika pembe, Mzee Abdille anashika miguu na kutoa maelekezo. Tulipomaliza nikafikiri tumeelewana.

"Asante," akasema mama Hawa. "Hiyo ni haki ya mbuzi. Nyumba bado."

"Eddo…"

"Angalia juu." Mawingu yalikuwa yamepanda. "Mvua ikija, huyu mtoto analala chini ya nini? Chini ya Kisomali yako?"

Mzee Abdille alicheka mpaka chai ikampalia. Mama Hawa akaanza kuizunguka Bi Harusi polepole, kama anayenunua ngamia. Akapiga bodi, hakupenda. Akapiga tairi, akasonya. Akashika turubai, akalisugua kwa vidole, akalivuta, akaangalia mishono kwa ndani.

"Hii nyumba ya nani?"

"Ya serikali, eddo."

"Serikali analala hapa?"

"Hapana."

"Ana mtoto hapa?"

"Hapana."

"Basi nitakaa nayo mpaka urudishe herio yangu."

Nikamgeukia daktari. "Wewe ndiye mkubwa wa safari. Turubai ni lako."

"Mzee Komora," akasema, "turubai ni la gari, na gari umekabidhiwa wewe."

"Gari ni la idara, na idara hapa ni wewe."

"Mimi ni wa mbuzi."

Mama Hawa alitusikiliza, kichwa kinakwenda huku na huku. "Mimi nimesema nyumba ni yangu mara moja tu," akasema. "Nyinyi wawili hamjui turubai ni ya nani?"

Nikaanza kufungua kamba. Daktari akafungua upande wa pili. Mkiulizwa nani alianza, nilianza mimi, ila yeye ana mikono mirefu akamaliza kwanza.

Mama Hawa akachagua herio za kutoa. Akapita zile mpya, akapita za katikati, akavuta zile za chini kabisa. Mzee Abdille akasimama.

"Hawa! Hizo ni za upande wangu wa kulala!"

"Si wewe uliwakubalia?"

Akakaa.

Nikatoa kisu. "Usikate!" mama Hawa akapiga kelele. "Ukikata imekufa. Kunja." Tukakunja, tukasokota, tukasukuma ndani ya tairi kwa leva, naye akigongea kwa nyundo ya vigingi, huku akisema maneno ya Kisomali ambayo nilifurahi kutoyaelewa. Tairi likasimama. Lilikuwa na nundu, lakini lilisimama.

Tuliendesha polepole sana, vichwa wazi juani, gari linachechemea. Baada ya kitambo moshi ukaanza kutoka kwenye gurudumu. Herio zile zilikuwa zimekaa miaka juu ya moto wa jikoni na ubani, na zilipopata joto zikaanza kunukia. Tukazimwagia maji, zikanukia zaidi. Gari la serikali likawasili kisimani likifukiza udi kama linapelekwa fungate. Wafugaji walikuwa wameshaanza kupakia ngamia. Mmoja akanusa, akauliza kama tumeleta dawa ya mbuzi au bibi harusi. Nikamwambia vyote viwili.

Wakapakua. Barafu ilikuwa imebaki kipande kama sabuni ya kuogea mwisho wa mwezi, lakini ilikuwepo, na daktari alichanja mpaka giza likamzuia, na alfajiri akaendelea mpaka kipande kikaisha. Siwezi kusema tuliwafikia wote. Hatukuwafikia. Waliofikiwa ni wengi.

Asubuhi ile ile lori la maji likatuletea tairi letu kutoka Dadaab. Fundi alikuwa amelipandisha mwenyewe bila kuombwa, nami nilikuwa nimeshamtukana njia nzima moyoni, kwa hiyo namwombea heri hapa kwa maandishi. Nikalifungua lile la herio. Ndani palitoka kitu kama tumbaku, nyuzi na vumbi. Nikazikusanya zote ndani ya gunia, hata zile fupi.

Tukiwa njiani kurudi mvua ikatukamata. Mtu ambaye hajaendesha gari lisilo na turubai kwenye mvua ya kwanza ya Garissa hajui kuoga. Daktari alikuwa amevua kofia, anachotea maji yaliyojaa miguuni kwetu, akimwaga nje, yakirudi. Sikuona njia. Nilichoona, kwa mbali, ni maandishi meupe yamesimama kichakani: MALI YA SERIKALI.

Nyumba ya mama Hawa ilikuwa imesimama, duara, herio pande zote, na ubavu mmoja turubai letu limefungwa vizuri kuliko nilivyowahi kulifunga mimi. Tukakimbia.

"Karibuni, wenye nyumba," akasema mama Hawa mlangoni.

Ndani palikuwa na joto na mbuzi wachanga. Huku na kule maji yalikuwa yanadondoka kati ya mikeka, maana herio huvuja mwanzoni mpaka nyuzi zivimbe. Upande wa turubai peke yake ulikuwa mkavu kama unga. Chini yake mjukuu alikuwa amelala fofofo, na pembeni ya mjukuu, amenyoosha miguu, Mzee Abdille.

"Derefa," akasema, "huu ulikuwa upande wangu. Sasa ni mzuri zaidi. Si nilisema inshallah?"

"Inuka," mkewe akamwambia, "wageni wakae." Akainuka, akaenda kukaa penye matone.

Daktari akaomba kuwaona mbuzi. Wawili walikuwa wamekufa, wale wale aliosema. Wengine walikuwa wanakula, mmoja bado anakohoa kidogo. Mama Hawa akasema, "Hakunidanganya, huyu mrefu," akamkaribisha maziwa.

Mimi nikatoa gunia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakapotea, nikaliweka tu mbele yake. Akalifungua. Akaziangalia zile nyuzi, na mimi nikaangalia mbuzi. Halafu akachagua fungu moja, akalipangusa vumbi, akalitia mdomoni, akaanza kutafuna.

"Inafaa," akasema. "Nikimaliza kusuka, utachukua turubai yako."

"Itachukua muda gani, eddo?"

Akaacha kutafuna, akafungua mdomo wazi kabisa mbele ya uso wangu.

"Hesabu mwenyewe."

Nikasikia daktari anacheka nyuma yangu. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka, na kicheko chake hakikuwa na maringo hata kidogo.

Misimu iliyofuata, kila nilipopita upande ule niliuliza, na kila nilipouliza alikuwa bado anatafuna. Bi Harusi alizeeka kichwa wazi. Mtu wa stoo alituita siku moja, akataka kujua turubai la gari liko wapi, mbona haliko kwenye gari na haliko stoo. Mimi nikaanza kueleza tangu kwenye foleni ya matairi kwa fundi. Daktari akanikanyaga mguu chini ya meza, akajibu yeye.

"Liko kazini," akasema.